Mgongo wa Punda na Mgongo Wangu

Punda wa Lamu ana hospitali yake, iko pale ukingoni mwa bahari, na tangu 1987 anatibiwa bila kulipa senti. Akitoka kidonda mgongoni kwa tandiko bovu, anasafishwa, anapakwa dawa, na mwenyewe anaonywa: huyu asibebeshwe kitu mpaka apone. Apumzishwe! Mimi huu ni mwaka wa 11 nimejikunja mbele ya kompyuta, na wa pekee aliyewahi kunipumzisha ni stima, ikipotea.

Kazi yangu ni kuchapa. Barua za kuomba kazi, fomu za pasipoti, mikataba ya shamba, kadi za arusi. Hata talaka nimewahi kuchapa, na mwenyewe akataka nimpunguzie bei kwa kuwa ilikuwa mistari mitatu tu. Mchana niko saiba, duka la kompyuta, usiku nabeba kazi nyumbani. Kiti cha saiba ni cha plastiki, mguu mmoja umewekewa kadibodi usiyumbe. Meza ilikuwa ya cherehani, na kanyagio lake bado liko chini. Mteja akiniudhi nalikanyaga mpaka hasira ishuke.

Shingo ilianza kukaza polepole, kisha siku moja ikagoma kabisa. Mtu akinisalimu kwa nyuma inabidi nizunguke mwili mzima kama jahazi linalogeuza tanga, na asiyenijua akasema nimeanza maringo. Pale uwanja wa Mkunguni, wanapokaa watu kupiga soga, wakanipima bila kunigusa. Mmoja akasema ni baridi yabisi, nijipake mafuta ya mbarika. Wa pili akasema nikapigwe chuku. Wa tatu, mzee ambaye sijawahi kumwona na kazi tangu nimjue, akasema kazi ya kukaa haiumizi mtu. Naye hukaa hapo kutwa, wallahi, juu ya jiwe tupu, na mgongo umenyooka kama mlingoti. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya shingo.

Nikaenda kwa mtaalamu wa viungo. Binti mpole, akaniambia, "Hebu kaa kama unavyokaa kazini." Nikakaa. Akanizunguka kimya, kama fundi anayekagua mashua iliyooza mkuku.

"Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 5," akasema. "Lakini ukikiinamisha hivyo, digrii 60, shingo inaelemewa kama imebeba kilo 27."

Kilo 27 ni zaidi ya nusu mfuko wa saruji! Punda nawaona kila siku wakipanda nayo hiyo saruji kutoka jahazini, lakini wao jioni wanatuliwa. Mimi mzigo wangu nalala nao. Tena nikishalala natoa simu, nainama upya.

Akanipa masharti, mengi kuliko ya mganga. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho. Kioo kiwe mbali kadiri ya mkono ulionyooshwa. Viwiko vikunjike pembe mraba, mabega yalegee, kiuno kiegemee kitu, nyayo zitue. Nisikae kitako saa nzima bila kuinuka. Na kila dakika 20 nitazame kitu kilicho umbali wa mita 6, kwa sekunde 20, macho yapumue.

Nikaanza na kioo. Sasa hii kompyuta yangu ni ya kukunja, kioo na vitufe ni mapacha walioshikana kiuno. Ukikipandisha kioo kifike machoni, vitufe navyo vinapanda, unachapa mikono juu kama mtu aliyeamrishwa na askari. Dawa yake ni kununua kibodi ya peke yake. Nikaagiza Mombasa, ikaja kwa basi hadi gati ya Mokowe, ikavuka kwa boti siku ya kusi, ikanifikia imekunywa maji ya chumvi. Vitufe vyote vizima ila kimoja: A. Hebu jaribu kuchapa Kiswahili bila A. Barua ya kwanza niliyomchapia mtu ilianza "sslm leikum", mwenyewe akaniuliza kama hiyo ni Kirusi.

Miguu nayo. Saiba, kila nyayo zikitua zinatua juu ya kanyagio, na kanyagio halitulii. Mteja ananiuliza nachapa au nashona. Nyumbani nikatafuta cha kuwekea miguu, nikaiona mbuzi ya kukunia nazi imekunjwa jikoni. Urefu wake barabara, kana kwamba ilichongwa kwa kazi hiyo. Usiku wa kwanza nikachapa kwa raha mpaka nikasahau niko wapi, nikajinyoosha, nikavuta miguu nyuma. Mbuzi ina meno. Kisigino changu kilikunwa uzi mmoja mwembamba, mweupe kama nazi ya tui la kwanza, kabla damu haijakumbuka kutoka. Mke wangu alikuja na taa, akatazama mbuzi, hakutazama mguu. "Na wali wa kesho," akasema, "niupike kwa tui la nani?"

Lakini sharti lililonishinda kabisa ni lile la mita 6. Aliyelitunga hajakaa Lamu. Vyumba vyetu vya zamani upana wake ni wa boriti ya mkoko, haifiki mita 3, na mwenye nyumba hawezi kuiambia boriti irefuke. Nikafungua dirisha, nikakuta ukuta wa jirani. Nikinyoosha mkono naushika. Kichochoro chenyewe punda wawili wakikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume. Nitazame wapi?

Nikapanda darini. Pale unaiona bahari yote, na ng'ambo kisiwa cha Manda kimelala, minazi na mawingu. Macho yalinishukuru. Kila dakika 20 nikawa napanda ngazi, natazama, nahesabu hadi 20, nashuka. Na kule kupanda na kushuka peke yake, magoti yakaanza kunisifu. Siku ya tatu mke wangu akauliza huko juu kuna nini.

"Natazama mbali," nikamwambia. "Sekunde 20."

Hakujibu. Akajitanda leso, akapanda mwenyewe, akasimama palepale ninaposimama. Kumbe kati yangu na Manda, chini kidogo, kuna kiwanda, yaani ua wa nyumba ya jirani, na mabinti wa jirani saa hizo wanaanua nguo. Mimi wallahi sikuwaona. Mtu anayetafuta mita 6 haoni cha mita 5. Lakini nitajitetea vipi? Wazee wetu walijenga kuta ndefu na madaka ya mlangoni, ili mtu asichungulie ndani kwa mwenziwe, halafu nije mimi nizishinde kuta zote hizo kwa cheti cha daktari! Siku hiyo nilitazama kitu kimoja zaidi ya sekunde 20. Sakafu.

Ikabaki kiti. Vile vya ofisini, vya kupanda na kushuka, niliuliza bei nikamshukuru muuzaji kwa salamu. Basi nikakumbuka kiti cha enzi cha bibi yangu. Cha mpingo, kimesukwa kamba, mgongo wima, kina pa kuegemeza mikono, na mbele kina kibao cha kuwekea miguu. Kibao! Tangu babu yake bibi hajaoa, watu wa mji huu walijua miguu inataka pa kutua, na mimi nimekwenda kulipa hela niambiwe na binti wa juzi. Nikakivuta karibu na meza, nikakaa. Kiuno kilikumbuka ujana. Nikachapa kurasa nne nzima, na A ikiwa haipo, sikujali.

Bibi akatoka ndani na tasbihi yake. "We, toka! Hicho ni cha wageni."

"Bibi, ni agizo la daktari."

"Daktari akiya," akasema, "tamkalisha yeye."

Nikarudi kwenye kiti cha plastiki, na mto wa kitandani nimeuchomeka nyuma ya kiuno.

Juzi nikitoka saiba, nikamkuta mhudumu wa hospitali ya punda amesimama kando ya njia, mkono juu ya mgongo wa punda wa kubeba mchanga. Anaupapasa polepole, pingili moja moja, kutoka shingoni hadi mkiani. Akifika mahali punda anashtuka, anasimama, anamsemesha kwa upole, kisha anaendelea. Mwisho akamgeukia mwenyewe: "Wiki mbili. Hakuna kazi."

Nikaja nikasimama nyuma ya punda, kwa adabu, mfuko wangu wa kompyuta nimeutua chini.

"Una shida gani, ami?" akaniuliza.

Nikamwambia sina haraka, niko kwenye foleni.