Majibu ya kipimo cha mlango wa kizazi yaelezwe, yasikabidhiwe tu

Hapa Dodoma siku hizi ni vigumu kumpata mwanamke ambaye hajawahi kusikia kuhusu saratani ya mlango wa kizazi. Redio zinaizungumzia, makanisani na misikitini inatangazwa, na kliniki ya mama na mtoto hukosi bango lake ukutani. Kinachonisumbua mimi ni dakika tano zinazofuata baada ya kipimo. Mwanamke anashuka kitandani, anajifunga khanga yake, anapewa karatasi, anaambiwa "utarudi", halafu anaitwa mwingine. Kwenye ripoti keshahesabiwa kuwa amepimwa. Kwa maoni yangu bado, maana anaondoka bila kujua kilichoonekana wala anachotakiwa kufanya.

Wifi yangu anauza mboga soko la Majengo. Jioni moja alinifuata nyumbani, akafungua pindo la khanga alimokuwa amefunga hela za mauzo, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka inakaribia kuchanika. Ilikuwa na jina lake, umri, herufi VIA na alama ya kujumlisha, na chini kabisa tarehe ambayo hata mimi niliisoma kwa shida. "Wifi, niambie ukweli. Nina kansa?" Alikuwa amekaa nayo siku kadhaa bila kumwambia mtu, na kichwani alishaanza kupanga ni ndugu yupi atamlea kitinda mimba wake.

Hakuwa na kansa. VIA ni kipimo cha siki. Mhudumu anapaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, kisha anaangalia kwa macho. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Weupe huo mara nyingi ni mabadiliko ya awali, yaani kitu ambacho kikiachwa miaka mingi kinaweza kuwa saratani, na kikitibiwa sasa hakifiki huko. Mbali na jibu la kutoonekana weupe na hili la alama ya kujumlisha, kuna jibu la tatu, la kushukiwa saratani yenyewe, na hilo huandikwa peke yake na mwanamke hupewa rufaa. Maelezo haya hayamalizi hata dakika tatu. Wifi yangu angelala usingizi siku zote zile.

Tiba ya mabadiliko ya awali nayo haistahili kuogopwa hivyo. Sehemu ile huchomwa kwa kifaa cha joto au hugandishwa kwa baridi kali, dakika chache tu, na vituo vingi hufanya siku hiyo hiyo. Baada ya hapo hutoka majimaji kwa wiki kadhaa, na wanandoa huombwa wasikutane kwa muda wa mwezi mmoja hivi ili kidonda kipone. Kisha unarudi baada ya mwaka kuangaliwa tena. Mwanamke asipoambiwa habari ya majimaji, akiyaona atadhani kizazi kinaoza, na kurudi harudi tena.

Sasa niseme linalovunja nyumba. Vipimo vya kutafuta HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, vinaendelea kuingia, na kwa baadhi yake mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba. Ni kipimo kizuri, hugundua hatari mapema kuliko siki. Lakini jibu likisema kirusi kimeonekana, swali la kwanza nyumbani si la afya. Ni "umekitoa wapi?" Akina dada, na nyinyi waume zetu mnaosoma, kirusi hiki karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana nacho wakati fulani wa maisha yake. Kinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili yoyote, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Jibu la leo haliwezi kukuambia kimeingia lini wala kwa nani. Kwa watu wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kinachotakiwa ni kufuatilia kile kinachogoma kuondoka. Nesi anayetoa jibu hilo bila kusema maneno haya anampa mwanamke ugomvi wa kwenda nao nyumbani, na wapo watakaoichana karatasi njiani kabla hawajafika Nkuhungu.

Majibu mazuri nayo yanaeleweka vibaya. Mwanamke anaambiwa hana tatizo, anafurahi, anaona kamaliza. Jibu zuri la siki ni la takriban miaka mitatu, si la maisha. Anayeishi na virusi vya UKIMWI huanza kupimwa mapema, tangu miaka 25, na hurudi kwa ratiba atakayopangiwa, kwa sababu hatari yake ni kama mara sita ya wengine. Na ukiona damu baada ya tendo la ndoa, au damu imerudi wakati hedhi ilishakoma, usiitegemee karatasi ya mwaka juzi. Nenda.

Nasisitiza haya kwa sababu saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na vifo zaidi ya 6,000. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu kirusi kiingie mpaka saratani ijitokeze. Muda wote huo upo wa kuikamata, halafu tunaupoteza kwa karatasi isiyoelezwa. Mama wa Chemba au Mpwapwa aliyepanda basi alfajiri kuja kupimwa hawezi kuambiwa tu "utarudi". Nauli ile huenda ni debe la mtama. Akichelewa na ugonjwa ukasambaa, ni safari za mionzi kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na nyumba inabaki bila mama kwa wiki nyingi.

Ninachoomba kwa waganga wakuu wa wilaya zetu ni kidogo. Kila siku ya upimaji awepo mhudumu mmoja ambaye kazi yake ni majibu tu, kwenye chumba chenye mlango, na awe tayari kueleza kwa Kigogo au Kirangi pale Kiswahili kinapokwama. Ripoti nazo zihesabu waliorudi na waliotibiwa, si waliopanda kitandani peke yao.

Na mabinti zetu waambiwe mapema. Chanjo ya HPV ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 inatolewa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Inakinga aina hatari zaidi za kirusi, si zote, kwa hiyo aliyechanjwa naye atapimwa akifika umri. Wale wa kwanza watatimiza miaka 30, umri wa kuanza kupimwa, mwaka 2034, na wengi wao sasa hivi wanaamini chanjo ile ilimaliza kila kitu.