Sista akisema mgonjwa haeleweki, asikilizwe

Hili la manesi na madaktari kuvutana juu ya mgonjwa kila mtu analiongea kutoka upande wake, dokta anasema nesi hafuati maelekezo, nesi anasema dokta hasikilizi. Mi nilitaka nikae katikati ila siwezi kukaa katikati kabisa, maana dada yangu ni nesi wodi ya wazazi na kuna usiku mmoja alinisimulia mpaka leo haujanitoka.

Mama kajifungua salama saa tatu usiku, mtoto analia vizuri. Saa nne mapigo ya moyo ya mama yalikuwa 90, baada ya nusu saa 104, halafu 118, presha inashuka taratibu, pedi zinalowana lakini kwa macho sio damu ya kutisha. Akampigia dokta wa zamu, akaambiwa mwekee drip, endelea kumwangalia. Akaweka. Akapiga tena, "Sista si nimeshakwambia?" Simu ya tatu anasema alipiga mkono unatetemeka, alikuwa anamuogopa dokta kuliko anavyoiogopa ile damu. Dokta akaja, mama akapelekwa thieta usiku uleule, akapona. Asubuhi kwenye raundi, mbele ya wanafunzi, dada yangu akaambiwa asirudie kumfundisha daktari kazi.

Sasa madaktari nao wana lao na ni la kweli. Usiku unakuta dokta mmoja ana mapokezi, ana wodi ya watoto, ana wazazi, na huko thieta anasubiriwa. Anapigiwa simu anaambiwa tu "dokta njoo, mgonjwa hayuko vizuri", akiuliza presha ngapi haijapimwa, akiuliza dawa ya saa mbili alipewa, anaambiwa ngoja niangalie faili. Zikija simu kumi za hivo, ya kumi na moja yenye hatari kweli anaipokea akiwa amechoka. Na mgonjwa akifa, wa kwanza kuitwa kujieleza ni yeye. Yote hayo nayakubali, yanaonyesha kwanini dokta anakuwa mkali, lakini mama anayevuja damu saa tano usiku hayamsaidii kitu.

Watu wanasahau pia kwamba raundi kwenye kitanda kimoja ni dakika chache, nesi ndo anayebaki na mgonjwa zamu nzima, anamgeuza, anambadilisha shuka, anajua jana alikuwa anaongea na leo anaitikia kwa kichwa tu. Hiyo ni taarifa kama ilivyo taarifa ya maabara, tofauti yake haiji na karatasi yenye muhuri.

Mnakumbuka Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Februari 2018, mgonjwa alifunguliwa kichwa akatafutwa bonge la damu ambalo hakuwa nalo, maana aliyetakiwa kupasuliwa alikuwa mwingine. Waligundua wakiwa masaa kadhaa ndani ya upasuaji. Wakasimamishwa kazi daktari aliyepasua, mtu wa usingizi na manesi wawili, wa wodi na wa kupokea thieta, halafu yakaanza malumbano kosa ni la nani, madaktari wenzake wakisema mgonjwa aliletwa na lebo isiyo yake. Mi swali langu ni dogo tu, pale mezani kuna aliyesimama akauliza kwa sauti, huyu ni nani na tunamfanya nini?

Swali hilo limeandikwa kwenye orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, vipengele 19 tu. Ilijaribiwa hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara, hapa kwetu Tanzania, na vifo baada ya upasuaji vikashuka kutoka 1.5 kwa kila wagonjwa 100 hadi 0.8. Hebu ikae hiyo. Kwenye wagonjwa 1000 walikuwa wanakufa 15, wakawa 8, na orodha yenyewe ni karatasi moja, nyingi ni watu kuulizana na kujibizana, mpaka kuna kipengele kinasema kabla ya kisu kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake. Saba kati ya elfu wamerudi kwao. Nikifikiria hao saba namfikiria yule nesi aliyekuwa hajawahi kufungua mdomo thieta, leo ameshataja jina lake, akiona kitu hakiko sawa sauti imeshatoka mara moja.

Wapo wanaobisha, na wana hoja. Ontario, Canada, waliangalia hospitali 101 zilizoanza kutumia orodha za namna hiyo na utafiti ukatoka 2014, vifo havikushuka kwa kiwango cha kuhesabika. Mi naona karatasi ikijazwa tiki harakaharaka ili faili likamilike hakuna mtu amesikilizwa, na hapo hata Ifakara wasingepata kitu.

Nilimuuliza dada, ile simu ya tatu isingepokelewa ungefanyaje? Akasema angempigia bingwa nyumbani kwake, namba anayo aliiomba kwa mtu wa usingizi, lakini kwenye karatasi ya zamu ukutani haipo, na siku bingwa akiuliza nani kakupa namba yangu hajui atajibu nini. Mi ningeanzia hapo, namba ya pili ibandikwe ukutani, na mganga mfawidhi aisaini kwamba nesi akiona mgonjwa haeleweki aipige bila kuomba ruhusa ya mtu.