Jaji wa Madai na Kiti cha Bodi

Wasifu wa jaji anayestaafu huwa na mpangilio uleule: miaka ya uwakili, siku ya kuapishwa, hukumu zilizovuma, kisha aya ndefu ya bodi za shule, kamati za hospitali na vyama vya hisani alivyovitumikia. Aya hiyo ya mwisho ndiyo hupigiwa makofi. Mimi ndiyo hunitia wasiwasi, hasa jaji mwenyewe akiwa wa kesi za madai.

Kwenye jinai, upande mmoja karibu siku zote ni Dola. Kwenye madai, yeyote anaweza kuingia mlangoni: benki, mwenye nyumba, hospitali inayodaiwa fidia, shule iliyomwachisha kazi mwalimu kinyume cha mkataba. Na taasisi kama hizo ndizo zinazosaka jina zito la kupamba bodi zao.

Kisa kinachotajwa mara nyingi kuhusu hatari ya viti hivyo hakikuwa hata cha madai. Novemba 1998, majaji wa Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo wakati huo, waliamua, kwa kura 3 dhidi ya 2, kwamba Augusto Pinochet, mtawala wa zamani wa Chile, hakuwa na kinga dhidi ya kupelekwa Hispania kujibu mashtaka. Mwezi uliofuata uamuzi huo ukatenguliwa. Lord Hoffmann, mmoja wa wale watatu, alikuwa mwenyekiti wa taasisi ya hisani iliyofungamana na Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, nayo Amnesty ilikuwa imeruhusiwa kuingia katika shauri hilo. Hakuwa akilipwa, wala waliotengua hawakusema alipendelea. Kiti chenyewe kilitosha. Shauri likasikilizwa upya mbele ya majaji 7 na Pinochet akashindwa tena, ingawa safari hii mashtaka mengi yaliondolewa. Kazi ikafanywa mara mbili.

Je, basi, jaji ajifungie? Hapana. Kanuni za Bangalore za mwaka 2002 kuhusu maadili ya majaji zinamruhusu kuandika, kufundisha na kushiriki shughuli nyingine, mradi zisishushe hadhi ya kazi yake wala kuizuia. Kanuni za mfano za Chama cha Mawakili cha Marekani zinakwenda mbali zaidi: anaweza hata kukaa kwenye bodi ya shirika lisilo la faida, isipokuwa kama shirika hilo linaelekea kufika mbele yake, na kuchangisha fedha amewekewa mipaka mikali. Mipaka hiyo ya fedha naikubali kabisa. Mfanyabiashara mwenye kesi akiombwa mchango na jaji, atasema hapana kwa mdomo gani?

Wanaotaka jaji atoke na kuchanganyika na watu wana hoja nyingine nzito. Watu hukopeshana bila karatasi, hugawana mashamba kwa neno la mzee, huuziana vitu kwa kupeana mikono. Jaji asiyeyajua hayo anaweza kumwona mdai mkweli kuwa mzushi kwa sababu tu hana risiti. Lakini hata hapa pana mtego: hukumu hujengwa juu ya ushahidi uliotolewa mahakamani, si juu ya alichokisikia jaji kwenye mkutano wa mtaa. Mazoea humsaidia kuuliza swali zuri. Hayawezi kuwa jibu.

Ndiyo maana namtaka zaidi darasani kuliko kwenye bodi. Akiwaeleza wananchi jinsi ya kuandika wosia, au kwa nini dai lililokaa miaka mingi linaweza kugonga ukomo wa muda wa kufungua kesi, hafungamani na mtu. Kiti cha bodi humfunga hata akilala.

Watetezi wa bodi watasema dawa ipo: atangaze uhusiano wake, kisha ajitoe kwenye kesi. Dawa hiyo inafaa palipo na majaji kumi. Palipo na mmoja, kujitoa kwake ni kumwambia mjane anayedai shamba asubiri jaji kutoka mbali, kwa ajili ya bodi ambayo hajapata kuisikia.