Tusizifue Pumba Mpaka Ziwe Nyeupe

Takriban sehemu moja ya tano ya uzito wa pumba za ngano ni arabinozailani. Nyuzinyuzi hizi zikiyeyuka huyapa maji mnato, na zikifika utumbo mpana huwa chakula cha bakteria wenye faida. Kazi ni kuzitoa, maana asidi feruliki imezishonanisha kwenye ganda, na maji ya moto peke yake hupata kidogo sana.

Maabara wana njia yao. Wanga na protini huondolewa kwa vimeng'enya, mabaki yakapashwa moto ndani ya kostiki soda, kisha alkoholi humiminwa na nyuzi zikajitenga kama maziwa yaliyokatika. Kwenye chupa inapendeza. Ifanye kwa tani, uone.

Alkoholi huhitajika mara mbili au tatu ya ujazo wa maji yenyewe, na yote lazima ikenekwe itumike tena, la sivyo kiwanda kinafilisika. Soda hutulizwa kwa asidi, ikazaa chumvi ambayo nayo lazima ioshwe. Halafu kuna mnato: ule ule tunaoutangaza kuwa faida ndio unaoziba vichujio. Unaongeza maji ili kitu kipite, kisha unalipia nishati ya kuyakausha maji hayo hayo. (Sijui nani aliita hii teknolojia rahisi.)

Na ni kwa ajili ya nini? Unga mweupe, safi, usio na ladha. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba soda hukata asidi feruliki, kinzaoksidishaji (kizuizi cha uharibifu unaoletwa na oksijeni) ambacho kingefaa kubaki pale pale.

Mwaka 1997 Marekani iliporuhusu vyakula vya nafaka ya oti kutajwa kuwa vyaweza kupunguza hatari ya maradhi ya moyo, kipimo kilikuwa gramu 3 za betaglukani, nyuzinyuzi za oti zinazoyeyuka, kwa siku, zitokane na oti nzima, unga wake au pumba zake. Hakuna aliyedai kwanza zisafishwe.

Mimi ningeanza na mvuke wa shinikizo au mashine ya parafujo inayokanda pumba kwa joto na shinikizo, kisha kimeng'enya cha zailanasi kinachokata arabinozailani, nikakubali bidhaa ya kahawia iliyo nusu safi. Ndiyo, minyororo ya nyuzi itakatika na mnato utapungua. Anayetaka utando wa kufungashia bidhaa atahitaji nyuzi ndefu na safi, huyo alipie alkoholi yake. Kwa mkate, kahawia inatosha.