Povu la zimamoto na maji ya Mzakwe

Mkazi wa Dodoma anayesubiri boza usiku, madumu yamejaa kibarazani, ukimgusia PFAS, kemikali za viwandani zisizooza, atakuuliza kwanza maji yanatoka lini. Ana haki. Jiji limepanuka kasi tangu Serikali ihamie, mgao wa maji ungalipo, na jirani zetu wa Singida wanahangaika na floraidi inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Anayesema fedha ziende kwenye visima na mabomba kwanza hapuuzi afya ya mtu. Tena kupima PFAS ni ghali: mwaka 2024 Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa PFOA na PFOS, aina mbili za PFAS, kiasi ambacho maabara ya kawaida haikioni.

Mimi nakubaliana naye nusu ya njia. Mitambo ya kuchuja tusubiri. Kuzuia tusisubiri.

Floraidi hutoka kwenye miamba; PFAS hutoka viwandani, na zimo kwenye vikaangio visivyogandisha, vifungashio vya chakula na povu la kuzimia moto wa mafuta. Kaboni na florini zimeshikana humo kiasi kwamba jua na bakteria haviziachanishi. Kuchemsha hakuzitoi, klorini haiziwezi. Mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliitaja PFOA kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Sasa tazama maji yetu. Visima vya Mzakwe, kaskazini mwa jiji, vinategemea bonde la Makutupora, na vipimo vya zaidi ya miaka 50 vinaonesha kuwa akiba ya chini haijazwi kila msimu. Hujazwa na mvua kubwa za nadra, kama zile za El Niño za 1997/98. Uchafu ukishazama humo, tutaunywa kwa miaka mingi. Mvua isiyozama huteremka Kinyasungwe Ndogo, ikatua bwawa la Hombolo, kisha hufuata Wami hadi baharini karibu na Saadani. PFOS hujikusanya kwenye samaki, na perege wa Hombolo tunawala sisi.

Upande huohuo wa kaskazini upo uwanja mpya wa ndege wa Msalato. Sisemi umechafua chochote. Ila kwingi duniani, mazoezi ya zimamoto viwanjani ndiyo yaliyopeleka PFAS kwenye visima. Askari wa zimamoto nao wana hoja nzito: povu la zamani huzima mafuta ya ndege upesi, na ndani ya ndege kuna watu. Povu lisilo na florini linadai mafunzo mapya na matangi yaliyosafishwa. Lakini Heathrow, London, walishahamia huko, na ndege zinatua.

Tanzania imo kwenye Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali sugu, ulioibana PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Sharti moja kwenye zabuni ya povu, kwamba lisiwe na florini, lingetosha kuanzia. Pamoja nalo, sampuli chache za Mzakwe na Hombolo zipelekwe maabara yenye uwezo sasa hivi, tuwe na kipimo cha kulinganishia mazoezi ya zimamoto Msalato yatakapozoeleka.