Mgonjwa wa kansa alazwe hapa Malindi ama apelekwe Mombasa?

Kila mgonjwa wa kansa akilazwa huku kwetu ubishi huwa ni ule ule: familia inataka apelekwe Mombasa leo leo kwa mabingwa, na sisi madaktari wa wodi, ambao si mabingwa wa saratani, tunaona wengine tungebaki nao tu. Nimefanya kazi ya wodi muda sasa na hili jambo bado lanikosesha usingizi.

Nianze na familia manake wana haki kuliko tunavyowapa. Mtu wa kemo, yaani dawa za kuua chembe za kansa, akishikwa na homa, wiki moja ama mbili hivi baada ya dawa, chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka sana, homa hiyo si ya kungoja majibu ya maabara, anafaa apate antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Ukimpa panadol ukamwambia tutaona kesho, kesho waweza usimkute. Ama mtu analalamika mgongo halafu miguu inaanza kufa ganzi, hapo uvimbe unabana uti wa mgongo, anahitaji mionzi haraka na mionzi Malindi hatuna. Kuna mama mmoja nilimbakisha siku mbili nikidhani ni mgongo wa kulala sana, alipofika Mombasa miguu ilikuwa imekwisha kwenda. Yule mama simsahau.

Lakini sasa angalia wanaolazwa kweli ni kina nani. Kemo mara nyingi mtu hukaa kwenye kiti, dripu inaisha, anarudi kwao. Wanaolala wodini wengi wana maumivu, damu imepungua, maji yamejaa tumboni, wametapika mpaka figo zimechoka, na hiyo yote ni kazi ya daktari wa wodi, kutoa maji tumboni na kuongeza damu hakungoji bingwa. Mombasa ni kilomita kama 120, ukifika Mtwapa jamu, mgonjwa amelala ubavu na kila tuta analiruka na mifupa yake.

Kulikuwa na mzee wa upande wa Mambrui, kansa ya tezi dume ishaingia kwenye mifupa ya nyonga, wanawe washachanga pesa ya ambulensi. Akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nyinyi mwaniambia Mombasa, Mombasa, mimi paniuma hapa. Hapa mwapaweza?" Tulipaweza, ila kwanza tulihangaika usiku mzima kwa sababu kabati ya morfini, ile dawa kali ya maumivu, imefungwa, funguo iko na mtu ametoka zamu, na nesi naye ananiuliza kama mzee hatazoea ile dawa akawa mraibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa dawa za maumivu ya kansa tangu 1986, morfini imo, na mpaka leo tunaiogopa kuliko tunavyoogopa kilio cha mgonjwa! Tukaipata asubuhi, ile ya maji ya kunywa, tukampimia kwa sindano isiyo na ncha kila baada ya saa 4, ya usiku tukaiongeza mara mbili ili asiamke, na dawa ya kulainisha choo manake morfini hufunga choo. Siku ya tatu aliagiza mahamri na mbaazi.

Kwa hivyo mimi naegemea upande wa kubaki, lakini si kwa kila mtu. Kumwambia mtu abaki kabla hujajua kansa yake iko hatua gani ni kumhukumu. Mama mwenye uvimbe wa titi ambao haujasambaa, ama kansa ya mlango wa kizazi iliyowahiwa, huyo anaweza kupona kabisa, na huyo hata familia ikichoka na nauli mimi nitawasukuma waende. Shida yangu ni pale "abaki hapa" inapokuwa lugha ya kusema hatuna nguvu ya kumtafutia nafasi, na pale "aende Mombasa" inapokuwa njia ya daktari kumtoa mikononi mwake. Mgonjwa mwenyewe wala haulizwi, mara nyingi hata jina la ugonjwa amefichwa, watoto wananivuta nje ya mlango, dakitari tafadhali usimwambie.

Ningetaka kila faili la mgonjwa wa kansa liwe na namba ya simu ya bingwa anayemjua, nimpigie saa nane za usiku homa ikipanda, na funguo ya ile kabati ibaki na mtu wa zamu.