Tunalipa kiingilio tusikie maneno

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye tamasha kubwa la uwanjani hapa Dar. Nilikaa mzunguko, upande ulio mbali na jukwaa. Msanii alipopanda uwanja mzima ulisimama: taa za kila rangi, fataki, skrini kubwa kama ghorofa. Wimbo ukaanza, na tangu hapo sikushika mstari hata mmoja. Kilichonifikia ni besi ya kutikisa kifua, na juu yake sauti ya mtu inayogonga zege na kurudi, ikagongana na nyingine iliyokuwa njiani. Dada aliyekaa pembeni yangu akaniinamia: "Kaka, huu ni wimbo gani?" Ni wimbo unaopigwa kwenye kila daladala ya mji huu.

Nimekasirika, na hasira haijaisha, kwa sababu muziki wetu umesimama juu ya maneno. Chukua taarab. Mama anaketi ametulia, mara unakuja mstari unaomgusa, labda unamgusa na mtu mwingine aliyemo humohumo ukumbini, anainuka, anakwenda mbele na noti mkononi huku akicheza taratibu ili huyo mwingine amwone vizuri. Anatuza mstari ule. Usiposikika, hainuki. Dansi nayo ni hivyohivyo. Waliokuwa wakienda kumsikiliza marehemu Muhidin Gurumo walirudi nyumbani wanabishana juu ya kisa kilichoimbwa, nani mkosaji, nani kaonewa. Na vijana wa hip hop, ambao kazi yao yote ni mashairi, ukiwafutia maneno umewaachia nini? Mtu amekaa na daftari mwezi mzima anatafuta vina, halafu siku ya kuvitoa mbele ya maelfu ya watu vinafika kama ngurumo.

Uwanja ni mgumu, hilo nalikubali. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 105 hivi, na ukiongeza nafasi ya nyuma ya goli na ngazi za watazamaji, aliyekaa upande wa pili anasikia neno baada ya theluthi ya sekunde na zaidi. Kwenye skrini midomo imeshafunga, neno halijafika. Likifika linafuatana na mwangwi wake kutoka kwenye paa na kuta. Tena sauti nyembamba, zile zinazobeba konsonanti, ndizo zinazonyonywa na hewa na miili ya watu, wakati besi inapita kila mahali. Kwa hiyo mtu wa mbali anabaki na irabu na mtikisiko.

Lakini dawa yake ipo, na ni ya siku nyingi. Wakati The Beatles, bendi ya Uingereza, wanapiga Shea Stadium kule New York mwaka 1965, mbele ya watu zaidi ya 55,000, hakukuwa na mitambo ya kuweza uwanja wa namna ile. Wale walikuwa na sababu. Leo kuna spika za kuning'inizwa kwa safu, zinazolenga sauti walipo watu badala ya kuipeleka kwenye paa. Kuna minara ya spika inayosimamishwa katikati ya uwanja na kucheleweshwa kwa hesabu: mnara ulio mita 68 kutoka jukwaani unacheleweshwa sekunde 0.2, ili sauti yake itoke pamoja na ile inayowasili kutoka mbele. Wenzetu wanafanya hivyo kila wikiendi. Sisi tunarundika maspika mawili makubwa kushoto na kulia, tunafungulia mpaka mwisho, tunasema mitambo ni ya kisasa.

Na fundi sauti tunamweka wapi? Mara nyingi nimemkuta kando ya jukwaa, nyuma ya maspika yenyewe, kwa sababu eneo zuri la mbele limeuzwa meza za VIP. Msanii anamwonyesha kidole juu, ongeza, naye anaongeza. Anaongeza kitu asichokisikia. Maiki inaanza kulia, anashusha, msanii ananyoosha kidole tena. Simlaumu fundi. Amefika na mitambo saa kumi jioni, watu wameshaanza kuingia, kujaribu vyombo kumekuwa "halo, halo, moja mbili", na hata hiyo MC ameikatiza.

Waandaaji watasema gharama. Kukodi mitambo ni ghali, jenereta ni ghali, sawa. Ila fataki zilipatikana. Watasema pia watu wetu wanapenda mziki mnene, na ni kweli tunaupenda, hata mimi. Besi safi ni raha. Besi inayomfunika mwimbaji ni kelele, na masikio hayana spea: Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza wastani usizidi desibeli 100 kwenye kumbi na matamasha.

Wanaoimba juu ya CD yenye sauti yao wenyewe leo nawaacha, ingawa mitambo mibovu imewapa kichaka cha kujificha.

Inawezekana hapahapa kwetu. Nenda Sauti za Busara, Ngome Kongwe, Unguja, tamasha lililoanza mwaka 2004 na kushikilia kwamba muziki upigwe laivu. Utasikia nyuzi za udi, utasikia ngoma ilivyokazwa, utamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Ni eneo dogo, ndiyo, uwanja wa watu 60,000 ni kazi nyingine. Lakini pale sauti inaheshimiwa kabla ya taa.

Ninalisema sasa kwa sababu viwanja vipya vinajengwa kwa ajili ya AFCON 2027, Arusha na Nairobi, na matamasha yatahamia humo. Ombi langu kwa waandaaji ni moja na halina gharama kubwa: mitambo iwe imefungwa tangu asubuhi, na kabla mageti hayajafunguliwa fundi aache meza yake, apande mpaka kiti cha nyuma kabisa cha mzunguko, msanii aimbe ubeti mmoja, na fundi ausikilize wote. Neno lisipofika pale, tiketi za pale zisiuzwe.